Mifupa ya Wanamichezo

Wako wanaoamini kwamba kila mwanamichezo ana mifupa imara. Imani hiyo si sahihi. Waendesha baiskeli wa mashindano wamepimwa katika nchi mbalimbali, na mara nyingi mifupa yao ya mgongo imeonekana dhaifu kuliko ya watu wasiocheza mchezo wowote. Waogeleaji nao, ambao visiwani petu ni wengi, hawawazidi wasiocheza. Mfupa hujijenga unapopata kishindo na mzigo. Majini na juu ya kiti cha baiskeli kishindo hakipo.

Waalimu wa michezo hawana haja ya kungoja mitambo kutoka ng'ambo. Kuruka juu na kutua, mara chache kwa nguvu kisha kupumzika, pamoja na kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki, kwatosha kuanzia. Kuanza mapema ni bora, kwani sehemu kubwa ya mfupa hupatikana kabla ya miaka 20.

Lakini msichana akimbiaye masafa marefu bila ya kula vya kutosha, hata akakosa hedhi, huupoteza mfupa huo huo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitahadharisha hayo mwaka 2014. Wakuu wanaopanga kambi za vijana wetu hawana budi kupanga na chakula.