Gunia Kabla ya Mwana

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Juma hili nawaandikia kutoka Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, nyumbani kwa mtoto wa ndugu yangu aliyehama Mombasa miaka mingi iliyopita na kufungua karakana ya uchomeleaji. Msimu wa mavuno ya mahindi umefika, nyumba imejaa wageni, na wengi wao ni vijana wa pwani waliopanda bara kwa likizo ya Desemba. Vijana hao saba walikata shauri kwenda kupiga kambi kwa siku tatu upande wa Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, na kujaribu kupanda majabali ya huko. Walipoona bei za vifaa madukani, mkubwa wao aliniambia, "Ami, tutaviunda wenyewe. Karakana ipo, vyuma vipo, na akili Mwenyezi Mungu ametupa. Sisi twataka dua yako tu."

Nikawajibu kwamba dua haina bei na nitaiomba, lakini kwanza wanionyeshe hivyo vitakavyobeba roho zao. Safu ya leo imetokana na yale niliyoyaona.

Kubuni zana za safari si upuuzi wa vijana, wala si jambo geni katika dini yetu. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Mwenyezi Mungu anataja miongoni mwa neema zake mahema ya ngozi za wanyama, yaliyo mepesi kubebwa siku ya safari na siku ya kutua. Anataja vitu vitokanavyo na sufi na manyoya, hifadhi zilizomo milimani, na mavazi yenye kumkinga mtu. Nabii Daudi (a.s.) alifundishwa kufuma deraya za chuma na akaamrishwa azipime pete zake sawasawa. Mwisilamu fundi ambaye haoni uhusiano kati ya nyundo yake na ibada yake na azirejee aya hizo. Neno la kuzingatia katika kisa cha Daudi ni hilo la kupima. Deraya ikikosa kipimo humsaliti aliyeivaa, na humsaliti saa ile anapoihitaji.

Vijana walinionyesha vitu vitatu: godoro la kambini, mkanda wa kupandia majabali, na jiko dogo la makaa. Nitavieleza kimoja kimoja, kwa kuwa kila kimoja kilitufundisha somo lake.

Godoro lilikuwa magunia mawili ya plastiki yaliyoshonwa pamoja na kujazwa maganda makavu ya mahindi. Wazo lenyewe halikuwa lao. Walilipata kwa mama mmoja jirani, mtu mzima, ambaye mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret na kulala ndani ya mahema. Walipomuuliza ni kitu gani angependa kiundwe kwa ajili ya mtu alalaye nje, hakutaja taa wala redio. Alisema, "Baridi haikuja kwa juu, wanangu. Ilitoka chini, ikaingia mbavuni." Kisha akaongeza la pili: mlango wa hema unaofungika kwa ndani, ili mwanamke na watoto wake wapate kulala.

Nilinyamaza niliposikia hayo. Sisi huzungumza habari za kambi kama mchezo wa likizo, na wako majirani zetu waliojua maana ya hema pasina kutaka. Atakaye kubuni kifaa cha kulala nje na aanze kwa kumuuliza aliyelala nje bila hiari yake. Huyo hatakueleza kinachopendeza. Atakueleza kilichompungukia.

Na maneno yake ni ya kweli kwa mizani ya elimu pia. Blanketi hutupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wa mwili huikamua ile hewa, nayo ardhi ikanyonya joto lako usiku kucha. Kwa hiyo mlalaji wa nje ahitaji kitu kinene chini yake kabla hajafikiria cha kujifunika juu. Maganda ya mahindi hunasa hewa, na Kiplombe wakati wa mavuno hayauzwi.

Niliwaambia kwamba kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, nitalijaribu mimi. Mtu wa joto la Mombasa nikalala uani, mahali palipo juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,100, chini ya turubai. Maganda yalipiga kelele kila nilipogeuka, lakini mbavu zangu zilikuwa na amani. Baridi ikanijia miguuni. Usiku wa manane mmoja wa wajukuu akaniletea chupa ya maji moto iliyovikwa soksi, nikaiweka nyayoni nikalala hadi adhana. Asubuhi walishona mfuko mdogo wa chupa upande wa miguu. Hivyo ndivyo kifaa hukua: hutumika, kasoro ikaonekana, nayo ikarekebishwa.

Cha pili ni mkanda, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Vijana walikuwa wamekata mikanda ya viti vya matatu kuukuu, wakaishona kwa cherehani ya fundi nguo iwe mshipi wa kiunoni na mapajani. Kwa macho ulikuwa mzuri mno. Mmoja wao alikwisha kuuvaa akijipiga picha. Niliuliza, "Umepimwa?" Wakaniambia kwamba wawili wao walikwisha kuning'inia kwenye mti nao ukawabeba.

Pale uani palikuwa na magunia ya mahindi ya kilo 90, yaani uzito wa mtu mzima mwenye mwili. Nikasema tulifunge gunia moja mahali pa mtu. Tulipitisha kamba juu ya tawi la mkaratusi, tukalivuta gunia taratibu, nao mkanda ukalibeba. Vijana wakanitazama kama waliokwisha kushinda kesi. Nikawaambia, "Mpanda jabali hateremshwi taratibu. Huteleza." Tukaifunga kamba shinani mwa mti, tukaliinua gunia kiasi cha pima moja juu ya pale kamba inapokazana, kisha tukaliachia.

Mshono ulichanika kwa sauti moja. Gunia likaanguka, likapasuka, na mahindi yakatapakaa hadi miguuni petu. Wa kwanza kucheka alicheka peke yake, kisha akanyamaza. Yule aliyejipiga picha aliinama akaanza kuzoa mahindi kwa viganja, na hakuna aliyemtuma.

Sababu yake si uchawi. Kitu kinachoanguka, kikizuiwa ghafla, huivuta kamba kwa nguvu inayopita uzito wake mara nyingi. Ndiyo maana kamba za kupandia milima siku hizi hufumwa kwa nailoni inayovutika kidogo, ili mshtuko ule usambae. Fundo nalo hupunguza nguvu ya kamba, ukingo mkali wa jiwe hukata kamba iliyokazwa, na jua la miaka hudhoofisha nyuzi huku rangi ikibaki nzuri. Mkanda wa matatu kuukuu umekaa juani miaka mingapi? Hakuna aliyejua. Mtoto wa ndugu yangu alitaka ushonwe upya kwa uzi mnene. Nilimkataza, kwani uzi mpya hautatuambia umri wa mkanda.

Jioni ile mmoja akanipinga kwa adabu. Alisema, "Ami, mbona wale mateka wa Kiitalia waliupanda Mlima Kenya kwa vitu vya kuokoteza?" Nilifurahi kwamba amesoma, na kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1943, katika kambi ya mateka namba 354 karibu na Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliunda vifaa vyao kwa siri. Viatu vya meno ya chuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kwa mabati chakavu ya madigadi ya magari na seng'enge. Mashoka ya barafu waliyapata kwa kugeuza nyundo. Kamba zao zilikuwa za katani, zile zilizofungia vitanda vyao kambini. Walitoroka tarehe 24 Januari. Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki kwenye kituo chao mlimani. Wawili waliobaki walikijaribu kilele cha Batian kikawashinda, kisha tarehe 6 Februari wakafika Lenana, chenye mita 4,985. Baada ya hapo walirudi wenyewe kambini, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na mkuu wa kambi akawatoa baada ya siku saba.

Ni ushujaa unaostahili kusomwa. Lakini nilimwambia kijana yule atazame mambo mawili. La kwanza, watu wale hawakuwa na duka, nao walikuwa nyuma ya seng'enge. Walichagua kati ya kitu cha kuokoteza na kutokwenda kabisa. Wewe una la tatu: kukodi, kuazima, au kungoja mwaka ujao. La pili, Batian ilipowashinda walirudi nyuma. Vifaa vyao viliwafikisha mahali, nao wakajua mpaka wa vifaa vyao. Anayemsifu Benuzzi kwa nyundo zake na amsifu pia kwa kugeuka kwake.

Hapo ndipo tulipopata kanuni, na ndiyo niliyotaka kuwafikishia. Kabla ya kuunda kifaa chochote, jiulize: kikiharibika, nitapoteza nini? Ikiwa utapoteza usingizi, joto au chai, basi unda, jaribu, kosea, unda tena, na Mwenyezi Mungu akubariki. Godoro, mfuko wa kubebea, kamba ya kuanikia, kinga ya upepo ya sufuria, vyote hivyo ni uwanja wako. Lakini ikiwa utapoteza roho, yako au ya mwenzako, usikitegemee chombo ulichokiunda kwa kukisia. Mkanda, kamba na pete za kupandia zinunuliwe au zikodiwe zikiwa na alama ya uzito zilizopimiwa, tena ziende pamoja na mtu aliyefunzwa kuzitumia. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Na hapana shaka kwamba fundo lisilofungika si kumfunga ngamia.

Cha tatu ni jiko, na hili nalisema kwa uzito kuliko yote, hasa kwenu wazazi wa pwani mnaotuma watoto bara. Usiku wa pili mvua ilinyesha. Kijana mmoja aliyekuwa akilala chini ya turubai alikusudia mema: akabeba lile jiko lenye makaa mekundu, akaliingiza ndani na kufunga pande zote ili wenzake wapate joto. Mama wa nyumba, mzaliwa wa huku, aliona mwanga, akatoka mbio bila viatu na kulivuta nje.

Jiko letu la bati lenye udongo wa kufinyanga ndani ni ubunifu mwema wa mafundi wa Kenya tangu miaka ya 1980, nalo hula makaa machache. Lakini kila kaa linalowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Humjia mtu kwa kuumwa na kichwa na kulegea, na aliye usingizini huendelea tu kulala, kisha haamki. Makaa yasiyotoa moshi si salama kwa kukosa moshi, na kuacha upenyo mdogo si dawa. Mtume (s.a.w.) alikwisha kututahadharisha tusiache moto ukiwaka majumbani mwetu tunapolala, baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku na watu wake. Pwani, madirisha wazi, tulilichukulia kama onyo la kuungua tu. Huku kwenye baridi nimeona jinsi lilivyo pana.

Vijana wameondoka leo asubuhi. Wamechukua magodoro ya maganda, chupa na soksi zake, na turubai ambalo mlango wake sasa una vifungo vya ndani, kama alivyotaka yule mama. La ziada walilishona wakampelekea. Jiko litabaki nje ya hema, na majabali watayatazama kwa macho mwaka huu. Nimewafundisha pia kufuta juu ya khofu badala ya kuosha miguu, siku tatu na masiku yake kwa msafiri, maana sheria yetu ilimfikiria mwenye kutawadha kwenye baridi kabla yetu sote.

Gunia lile tulilishona, na mahindi yote yalirudi ndani isipokuwa yale waliyoyawahi kuku. Mzazi, ukipata habari kwamba mwanao amebuni kitu, usimvunje moyo. Mwambie tu akipime kwa gunia kwanza, nawe uwepo linapoachiwa.

Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu safarini na majumbani, uwape akili za kubuni na hofu ya kupima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.