Acheni Kutuambia Habari za Kipaji

Kuna neno moja ningependa lipumzike kidogo kwenye makanisa, shule na vijiwe vyetu: kipaji. Kijana akishika gitaa vidole vikateleza, tunasema hana. Akipiga vizuri, tunasema anacho. Katika hali zote mbili hakuna aliyemfundisha, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Nilianza kujifunza gitaa mwaka huu hapa Busale, Kyela, huku nikisubiri msimamizi wangu asome sura ya pili ya tasnifu. Nilimwendea mzee mmoja wa kwaya, nikamwamkia, nikaomba gitaa linalokaa kabatini wiki nzima. "Mwanangu," akasema kwa upole, "gitaa ni kipaji. Jifunze kinanda, unabonyeza tu mdundo unakuja wenyewe." Nikamshukuru, nikaenda kuazima la jirani, lenye nyuzi tano. Ule mnene kuliko yote ulishakatika.

Mzee hakuwa na ubaya wowote. Alirudia tu jambo ambalo wote tunalirudia, na jambo hilo si kweli.

Tuanze na kodi, na simaanishi ile ya TRA. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Do, mi, so zikiimbwa kwa pamoja ni kodi. Fa, la, do ni nyingine. So, ti, re ni ya tatu. Mapambio mengi unayoyajua yanasindikizwa na hizo tatu, basi. Sasa mfikirie kijana wa hapa aliyeimba sauti ya tatu kwenye kwaya tangu akiwa kidato cha kwanza. Anasoma solfa. Anajua sauti yake inakaa wapi kati ya sauti ya pili na besi. Mwalimu akisema leo do ni G, anauhamisha wimbo mzima bila kutoka jasho. Huyu ameishi ndani ya kodi kwa miaka. Anachokosa ni vidole tu, na vidole hufundishika.

Siku akitaka gitaa, tunamfundisha kama mtu asiyejua kitu. Masomo mengi ya kwenye simu huanza na herufi na michoro ya vidoti: leo C, kesho Am, keshokutwa F, ambayo kidole kimoja kinalazwa juu ya nyuzi kadhaa kwa mpigo. Hapo wengi hurudisha gitaa kwa mwenyewe na kusema hawana kipaji. Hakuna anayewaambia kwamba do inahama hata kwenye gitaa. Wimbo ukikushinda kwenye do ya C, ipeleke do kwenye G. Kodi zako sasa ni G, C na D, na F haimo kabisa.

Unaweza hata kuanza na kidogo zaidi. Piga nyuzi nne nyembamba tu, ubane ule mwembamba kuliko yote kwenye freti ya tatu: hiyo ni G. Piga nyuzi tatu nyembamba, ubane uzi wa pili kutoka chini kwenye freti ya kwanza: hiyo ni C. Kila kodi, kidole kimoja. D itadai vidole vitatu, na ncha zake zitauma wiki kadhaa. Maumivu hayo huwapata wenye kipaji na wasio nacho.

Anayeona aibu kuanza na vidole vichache amkumbuke Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Alichezesha nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Bendi zetu za dansi nazo ziligawana kazi: gitaa la solo, la rithimu, la besi. Wa rithimu hakutakiwa kung'ara. Alitakiwa kushika kodi zake bila kuyumba ili wengine wapate pa kusimama.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza: gitaa ni la kigeni. Solfa pia ilitoka Uingereza, karne ya 19, ikaenezwa na John Curwen, na leo hakuna mwanakwaya anayeiona ngeni. Ya pili: kuna watu wenye sikio jepesi. Wapo. Hata kwenye mpunga wapo wenye mkono mwepesi, lakini sijasikia mtoto wa Kyela akiambiwa asilime kwa kuwa hana kipaji cha mpunga. Anaonyeshwa, anakosea, anaonyeshwa tena, kwa sababu mchele unahitajika nyumbani.

Basi tuseme wazi kama muziki nao unahitajika. Kwaya iliyoamini kipaji hubaki na mpigaji mmoja. Akipata kazi Mbeya, inabaki na mdundo wa mashine, usiojua kusubiri waimbaji wanapovuta pumzi. Na mabinti, ambao mara nyingi ndio wengi katika safu za kwaya, huambiwa habari za kipaji mapema kuliko wote.

Ninachodai ni kidogo. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, mwalimu aandike do-mi-so upande mmoja wa ubao na achore G upande wa pili. Gitaa lizunguke mkono kwa mkono, mabinti wakiwemo. Msiogope litaharibika. Kwa unyevu wa Kyela, nyuzi zitashika kutu na mbao zitavimba humo humo kabatini, bila kuguswa na mtu.