Kibanja cha Baba na Sheria ya Mwaka 1963

Mwezi Agosti 1988, mwanamke wa Muleba mkoani Kagera, Holaria Pastory, aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Shamba lilikuwa lake. Baba yake alimwachia kwa wosia. Siku iliyofuata mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Hakulalamikia bei, wala hakudai kwamba wosia ulighushiwa. Hoja yake ilikuwa moja: aliyeuza ni mwanamke, na kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Ikabatilisha mauzo na kuamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, na rufaa ikavuka ziwa hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Huko, tarehe 22 Februari 1990, Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki wangali wanaisoma. Alisema kwamba tangu Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, mila inayombagua mtu kwa jinsia yake haina nguvu tena. Katika kurithi na kuuza ardhi ya ukoo, mwanamume na mwanamke wawe sawa.

Hukumu hiyo ilitolewa Mwanza zaidi ya miaka 30 iliyopita. Swali ni kwa nini binti anayepanga chumba Mabatini, jijini humo humo, bado analala na hofu ya kupokonywa shamba la baba yake.

Tumchukue binti mmoja kuwa mfano wa wengi. Ana miaka 24. Anaishi Mabatini, wilayani Nyamagana, anauza dagaa, na kila mwezi anatuma fedha kwa mama yake aliye kwenye kibanja karibu na Kyaka. Kibanja kwa Mhaya ni shamba na ni nyumbani: migomba na mibuni imeizunguka nyumba, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Baba amefariki. Baba mdogo amepiga simu kusema kikao cha ukoo ni Jumamosi. "Mwanangu, wewe utaolewa," anamwambia. "Kibanja kitakufaa nini?" Binti anahesabu nauli ya meli ya usiku kwenda Bukoba, na anajua kwamba asipofika Jumamosi, mambo yataamuliwa bila yeye.

Ili kuelewa uzito wa kikao hicho, inabidi kurudi mwaka 1978.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote lililo kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka lililipuliwa, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, nyumba zikachomwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kusini na kuacha migomba ikiwa na mikungu. Vita vilimfuata Amin hadi kwake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya la Kagera, na mashujaa waliokufa wakazikwa Kaboya, katika wilaya ile ile ya Muleba ambako shamba la Holaria Pastory lingegombewa miaka michache baadaye.

Shauri lake halikuzaliwa na vita. Lakini vita vilifanya kila mgogoro wa shamba kaskazini mwa mto uwe mgumu zaidi. Mpaka wa kibanja hauna uzio. Una miti ya milamula iliyopandwa na wazee na kumbukumbu ya majirani. Nyumba ikichomwa, karatasi huteketea. Mzee akifia ukimbizini, hufa na ushahidi wake. Anayerudi kwanza hufyeka magugu, hupanda, na baada ya misimu michache hakuna wa kumuuliza. Na kijana wa kiume akiwa amekufa, anayebaki kusema "hapa ni petu" mara nyingi ni binti au mjane, yaani wale ambao mila iliwapa nafasi ya mwisho kusema.

Kabla Kagera haijainuka, likaja pigo la pili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo. Vita vilikuwa vimekimbiza watu kwa miezi; UKIMWI uliondoa kizazi cha kati kwa miaka. Wajane walibaki na watoto, watoto wakabaki na bibi, na vibanja vikabaki na swali la nani mwenyewe.

Swali hilo lilikuwa na jibu lililoandikwa tangu mwaka 1963. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka huo liliorodhesha kanuni za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Warithi wamepangwa kwa madaraja matatu. La kwanza ni la mtoto wa kiume mkubwa, la pili ni la watoto wengine wa kiume, na la tatu, lenye fungu dogo, ni la mabinti wote. Mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Mjane hana fungu pale marehemu anapoacha ndugu wa ukoo; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Anayelima kibanja kwa mikono yake miaka 30 anahesabiwa kuwa mgeni wa kudumu.

Wazee wanaoitetea kanuni hii wana hoja, na haifai kuwapuuza. Binti akiolewa, watoto wake ni wa ukoo mwingine. Akirithi, kibanja kitahama pamoja naye, na siku moja makaburi ya babu yatakuwa katika shamba la mtu asiyewajua waliozikwa humo. Tena ardhi ya ukoo imekuwa bima ya maskini. Waliokimbia mwaka 1978 walipokelewa na ndugu, wakala kutoka mashamba ya ndugu. Kama kila mrithi angeuza apendavyo, wangepokelewa wapi?

Hoja hiyo ni nzuri, ila haimhusu binti peke yake. Kijana wa kiume naye huuza. Huuza ili apate mtaji, alipe deni au aanze maisha mjini, na kaburi la babu huhama mikononi mwa ukoo vilevile. Kama hofu ni kupotea kwa kibanja, basi kizuizi kimhusu kila muuzaji. Jaji Mwalusanya aliliona hilo. Aliyathibitisha mauzo ya Holaria Pastory, lakini aliuachia upande wa ukoo nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumlipa mnunuzi zile zile shilingi 300,000. Kwa njia hiyo ukoo unapata nafasi ya kwanza ya kubaki na ardhi yake, na mwanamke anapata bei ya haki. Hiyo ndiyo suluhu ambayo Bunge lingepaswa kuigeuza kuwa sheria: anayetaka kuuza ardhi ya ukoo, awe kaka au dada, aanze na ndugu zake kwa bei ya soko.

Wapo wanaouliza swali jingine: kwa nini kijana ahangaike na kibanja kabisa? Utafiti uliozifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera kuanzia mwaka 1991 uligundua kwamba hadi mwaka 2004 matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Migomba nayo imeandamwa na mnyauko bakteria, ulioingia mkoani mwaka 2006. Kwa hesabu hizo, binti wa Mabatini angeonekana amefanya vema kuondoka.

Amefanya vema, ndiyo. Lakini aliyeondoka akiwa na shamba nyuma yake ni tofauti na aliyeondoka akiwa hana. Biashara ya dagaa ikianguka, mwenye kibanja ana pa kurudi. Mama yake ana pa kuishi. Anaweza kukodisha, kupanda kahawa, au hata kuuza kwa hiari yake apate mtaji. Ndugu yake wa kiume anaondoka nyumbani akiwa na uhakika huo. Binti anaondoka bila uhakika huo, ingawa fedha zinazonunua mbolea ni zake.

Itasemwa kwamba sheria zimekwishabadilika. Ni kweli kwa sehemu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hii ya pili inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki hiyo, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji la watu saba liwe na wanawake watatu. Lakini sheria hizo zinahusu umiliki wa ardhi, na binti hupokonywa shamba katika mirathi, kabla umiliki haujamfikia. Huko tangazo la mwaka 1963 bado limekaa kwenye vitabu, na hakimu aliye mbali na mjini ana uhuru wa kulifungua.

Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walilijaribu tangazo hilo hadi mwisho. Waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000, na mila ya Kisukuma ikawatoa katika nyumba zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta kwa maelezo kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati, kasoro ambayo wao hawakuifanya. Walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zao, na kuitaka ibadili sheria.

Jirani wa Kagera alichagua njia fupi zaidi. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliiacha Rwanda na kaya nyingi mno zinazoongozwa na wanawake, na mabinti wengi waliorudi kwenye mashamba ya wazazi waliouawa walikuta mila ikiwataja baba wadogo. Serikali haikungoja mila ijirekebishe. Novemba 1999 ilipitishwa sheria inayompa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume, na baadaye likafuata zoezi la kuandikisha ardhi ya nchi nzima, vipande zaidi ya milioni 10, mume na mke wakiandikwa pamoja. Sheria hiyo ilikuwa na pengo: mke asiye na ndoa iliyosajiliwa hakulindwa ipasavyo. Hata hivyo, binti wa Rwanda anapokwenda kwenye kikao cha familia, sheria inakwenda naye.

Binti wa Mabatini anaweza kufanya nini kabla Bunge halijaamka? Asafiri, ahudhurie kikao cha Jumamosi, ahakikishe jina lake na la mama yake yameandikwa katika muhtasari kama warithi. Mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo. Baba mdogo akiteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, binti ajue kwamba msimamizi si mmiliki. Anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne, kisha hesabu za ugawaji. Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na asikae kimya kwa heshima ya ukoo mpaka muda uishe: shauri la kudai ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Shamba likishagawiwa, aombe kwa kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake.

Hizo ni hatua nyingi kwa mtu anayeishi kwa faida ya dagaa. Kaka yake hahitaji hata moja kati ya hizo ili aaminiwe kuwa mrithi. Tofauti hiyo haiwezi kuondolewa na ujasiri wa binti, wala na hukumu nyingine nzuri kutoka Mwanza. Mwalusanya alifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wa jaji mmoja.

Kilichobaki ni kazi ya Bunge. Lifute kanuni za urithi katika Tangazo Na. 436 la mwaka 1963 na kuweka sheria moja ya mirathi inayomtaja mtoto bila kuuliza jinsia yake, na inayompa mjane fungu lake. Wabunge wa Kagera na Mwanza wawe wa kwanza kulidai hilo, kwa kuwa shauri lilianzia kwao na hukumu ilitolewa kwao. Na wazazi wenye vibanja wasingoje Dodoma. Baba wa Holaria Pastory hakungoja: aliandika wosia, akamtaja binti yake.