Sifa Hazijazi Chungu cha Mwimbaji

Jumamosi moja nilikuwa harusini huku kwetu Kisauni. Kijana wa mtaani, mwimbaji wa taarabu, alipopumzika alipita akiuza nyimbo zake mpya sita, amezitia ndani ya flashi, shilingi mia tatu moja. Kila mtu alimwambia, "Mashaallah, sauti unayo!" Aliyenunua ni mmoja tu. Kabla sahani za pilau hazijaondolewa, nyimbo zote sita zilikwisha rushwa kutoka simu hii hadi ile. Nami nakiri, nilitoa simu yangu nirushiwe.

Kijana huyu hana kampuni. Amejisimamia mwenyewe. Amekodi studio, akamlipa mpiga kinanda na mpiga fidla, tena akamridhisha mtungaji. Maana wimbo wetu mara nyingi si jasho la mtu mmoja. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, nyingi ya nyimbo zake zilitungwa na binamu yake, malenga Ahmad Nassir.

Mtindo wetu huu haukuanza na simu. Enzi za kanda, maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service yakiuza taarabu; sisi tukinunua kanda moja, mtaa mzima ukinakili. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa "Mtindo wa Mombasa" ya Zein l'Abdin na "Mombasa Wedding Special" ya Maulidi Juma. Mgeni wa Ulaya, asiyejua maana ya neno hata moja, alitoa pesa zake akanunua. Sisi wenye lugha yetu twangoja cha bure.

Wapo watakaosema, "Lakini harusini tulimtuza." Kweli, na kutuza ni ada nzuri. Lakini tuzo ni ya usiku ule na furaha ile. Wimbo uliorekodiwa utausikiliza mwaka mzima, jikoni, garini, na kwenye foleni ya feri ya Likoni. Je, hiyo si kazi nyingine? Na dini yatuhimiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Twalalamika kuwa taarabu ya Mombasa yafifia, vijana wameiacha. Ataishikaje kijana asiyerudishiwa hata kodi ya studio? Mwisho atauza kinanda anunue bodaboda, nasi tubaki kusimulia ya zamani.

Rai yangu ni nyepesi. Mwenye harusi amwekee mwimbaji meza karibu na mlango, na kila anayependa wimbo anunue wake. Ukirushiwa, mtafute mwenyewe umlipe.

Mimi keshoye nilikwenda kwake nikampa mia tatu zake. Aliniuliza, "Za nini, mzee?" Nilipomweleza, alizitazama zile noti kana kwamba nimekosea mtu. Swali lile ndilo linaloniuma hadi leo.