Usiuze kinanda, ndugu yangu

Mpiga kinanda mmoja wa arusi hapa Garissa ameniuliza kama auze kinanda chake chenye sikwensa ndani, anunue laptopu na programu ya muziki. Alidhani nitamwambia auze, maana kazi yangu ni kuandika programu. Nimemwambia asiuze. Nitaeleza kwa nini.

Kompyuta haitoi sauti papo hapo. Inakusanya sampuli kwanza kwenye bafa, ndipo inazitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 ni karibu milisekunde 6. Hakuna atakayesikia. Lakini joto la huku mara nyingi hupita nyuzi 35, na laptopu ya mtumba ikipata moto hujipunguzia kasi. Sauti inakatikakatika, unapandisha bafa hadi 1,024. Sasa ni milisekunde 23, na vidole vyako vinaanza kuachana na makofi ya dhaanto. Wachezaji hawajui bafa ni nini, lakini miguu yao inajua.

Kinanda kina kazi moja tu. Hakina antivairasi. Unawasha, unapiga.

Je, programu haina maana? Ina maana sana, ila nyumbani, wakati wa kutunga. Midundo ya kiwandani iliyomo kwenye vinanda ni ya disko, walzi na kadhalika. Dhaanto utaijenga mwenyewe. Kuijenga pigo kwa pigo kwenye kioo kidogo cha kinanda ni adhabu. Kwenye laptopu unaona kila noti na kuisogeza kwa mausi. LMMS ni programu ya bure, huna haja ya kuiba ya mtu.

Halafu kuna stima. Garissa tuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 tangu 2019, lakini arusi ya Balambala inaweza kutegemea jenereta. Jenereta ikizima, vinanda vingi vinasahau wimbo ambao hukuuhifadhi. Laptopu ina betri yake.

Kwa hiyo tunga kwenye laptopu, hifadhi wimbo kama faili la MIDI, utie kwenye kinanda kwa flashi, kisha nenda arusini na kinanda. MIDI ilitoka 1983 na hadi leo vifaa vya kampuni zote vinaielewa.

Sharti langu ni moja: usinunue kisanduku ambacho wimbo ukiingia hautoki. Bendi ya Dur-Dur ya Mogadishu ya miaka ya 1980 tunaisikia leo kwa sababu watu walinakili kanda zake, wakazihifadhi. Wimbo uliofungiwa ndani ya kinanda kimoja unakufa siku kinanda hicho kinapokufa. Ukiwa na nakala 3 kwenye flashi za watu 3, hata vumbi la Garissa haliwezi kuumaliza.