Mchekeshaji Hana Deni la Machozi

Yupo msomi mmoja, rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hayuko peke yake katika kosa hili. Tulikuwa tukizungumza habari za senema za Asia, nikamtaja Eugene Domingo wa Ufilipino. Akanijibu, "Ah, yule mchekeshaji! Lakini nasikia kule Tokyo aliigiza kweli." Neno hilo "kweli" ndilo lililonishikisha kalamu. Ndani yake mna hukumu nzima, ya kwamba miaka yote mwanamke huyu alipowachekesha watu alikuwa akifanya mzaha tu, na kwamba siku alipoacha kuchekesha ndiyo siku alipoanza kazi. Nasema hukumu hiyo ni batili, na shahidi wa ubatili wake ni maisha ya Domingo mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1971. Hakuokotwa njiani kwa ajili ya uso wa kuchekesha, kama wengi wadhanivyo juu ya watu wa kazi hii. Alisoma sanaa ya michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, akacheza katika kundi la jukwaani la chuo hicho liitwalo Dulaang UP. Je, senema ilimpokeaje msomi huyu? Ilimpa nafasi ya shoga wa mwigizaji mkuu. Katika Ang Tanging Ina ya mwaka 2003, Ai-Ai delas Alas alikuwa mama wa watoto 12, na Domingo alikuwa Rowena, rafiki wa mama huyo.

Kazi ya msindikizaji ni ngumu kuliko ionekanavyo. Hupewa maneno machache, na kila neno halina budi kutua mahali pake na kwa wakati wake. Likichelewa kwa pumzi moja, kicheko kimekufa. Likiwahi kwa pumzi moja, kimekufa vilevile. Mwigizaji aliaye akichelewa, watazamaji humngoja, tena humsifu kwa kimya chake na kukiita kina. Mchekeshaji hangojwi na mtu. Tena hakimu wake ni mkali kuliko mkosoaji yeyote wa gazeti, kwa maana kicheko hakitoki kwa hisani: hujaza nyumba au hakijazi. Mtu aliyeishi katika mizani hiyo miaka mingi, wewe wamwambia hajaigiza?

Alikuwa na umri wa miaka 38 alipopewa senema ya kuibeba mwenyewe. Hiyo ni Kimmy Dora ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Joyce Bernal. Humo Domingo alikuwa pacha wawili, mabinti wa tajiri: Kimmy, mwenye akili na roho ya pilipili, na Dora, mwenye moyo mwema na ufahamu mzito. Uso ni mmoja, lakini mtazamaji hakosei hata kidogo ni nani aliye mbele yake, kwa kuwa mabega, shingo na mwendo vimekwisha kumwambia kabla ya neno kutoka. Lau pacha hawa wangalikuwa katika hadithi ya msiba, mmoja akimzika mwenziwe, tungaliandikiwa makala ndefu juu ya siri za nafsi ya binadamu. Kwa kuwa watu walicheka, iliitwa burudani.

Nije sasa kwenye mchezo nionao kuwa ni jibu la mchekeshaji kwa wanaomdharau. Mwaka 2011 ilitoka Ang Babae sa Septic Tank, yaani Mwanamke Ndani ya Karo la Choo, iliyoandikwa na Chris Martinez na kuongozwa na Marlon Rivera. Ndani yake vijana watatu wenye uwezo wataka kutengeneza senema itakayowapatia tuzo za ng'ambo. Wamechagua hadithi ya Mila, mama fukara wa watoto saba katika mtaa wa mabanda, ambaye anamuuza mwanawe mmoja kwa mzungu mwenye tamaa chafu. Wakiwa njiani wanaiwaza senema yao namna mbalimbali: mara iwe ya kimya na ukavu kama taarifa, mara iwe ya nyimbo, mara iwe ya vilio. Kila wawazapo hivyo, Domingo anakuwa Mila wa namna hiyo. Kisha vijana wanakwenda kumwona nyota wanayemtaka, naye ni Eugene Domingo, aliyejiigiza mwenyewe kwa majivuno ya kuchekesha.

Hapo nyota huyo anawafundisha vijana kwamba uigizaji ni wa namna tatu. Upo wa lifti, ambao hisia hupanda na kushuka. Upo wa taarifa ya habari, mtu aliapo kama waliavyo wanaohojiwa katika televisheni. Na upo wa jinsi ulivyo, papo hapo ulipo. Watu hucheka sana hapo, na wana haki. Lakini mwenye kusikiliza atatambua kwamba anayesema aweza kuzifanya namna zote tatu, na amekwisha kuzifanya mbele yetu. Mwisho wa yote nyota mwenyewe anatumbukia katika karo, kinyesi chamfika kotekote. Sijui hotuba yoyote juu ya biashara ya kuuza umaskini wa watu kwa macho ya wageni iliyosema wazi kama kicheko kile.

Mbishani wangu ataniambia kwamba mchezo huo haukudharauliwa. Ni kweli, nami sifichi: katika tamasha la Cinemalaya la mwaka 2011 ulishinda katika kundi lake, naye Domingo akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Hata ukateuliwa kuiwakilisha Ufilipino katika tuzo za Oscar, ambalo ni jambo la kuchekesha peke yake, kwa kuwa ndizo hasa tuzo walizoziota vijana wale wanaokejeliwa. Lakini tazama heshima za dola. Dolphy, aliyeanza jukwaani wakati wa utawala wa Wajapani na kuwachekesha Wafilipino maisha yake yote, alifariki tarehe 10 Julai 2012 bila ya kupewa cheo cha Msanii wa Taifa, ingawa wengi walikuwa wamekidai kwa ajili yake. Nora Aunor, malkia wa michezo ya huzuni, alikipata mwaka 2022. Sina neno na Nora, alistahili. Nauliza habari za Dolphy.

Na Tokyo? Mwaka 2013 Domingo alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la kimataifa la mji huo kwa Mga Kuwentong Barbero ya Jun Robles Lana. Ni hadithi ya Marilou, mjane wa kinyozi wa kijijini zama za Marcos, ashikaye mkasi wa marehemu mumewe katika kazi ya wanaume. Marilou husema kidogo, na anyamazapo twajua ni kwa nini. Ni wapi alikojifunza kupima kimya namna ile, ila katika kazi ile ile ya kupima kicheko?

Tena baada ya Tokyo hakuhama. Alirudi kwenye karo lake mwaka 2016 na mwaka 2019, na toka 2016 hata 2022 alikuwa na Dear Uge, mchezo wake wa vichekesho katika televisheni ya GMA. Wasemao kwamba alipanda ngazi alipolia, watueleze kwa nini aliishuka kwa hiari.

Huku kwetu Afrika Mashariki televisheni zimetuletea tamthilia nyingi za Kifilipino za mapenzi na vilio, na labda ndiyo sababu rafiki yangu ameyazoea machozi yao kuliko vicheko vyao. Nimemwomba aitazame Kimmy Dora kwanza, kisha ile ya karo, na ya kinyozi aiweke mwisho, kwa kufuata miaka yake. Bado nangoja jibu lake.