Sidiria Nayo Ni Kiswa

Wiki hii nina jambo ambalo baadhi ya wasomaji watashangaa kulikuta kwenye kalamu ya sheikh, nalo ni sidiria. Nilisita siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na jambo hili lina hukumu ndani yake, kama nitakavyoeleza.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulipanda treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kumpa hongera mpwa wangu aliyejaaliwa mtoto wa kwanza. Anaishi na mumewe Kabiria, upande wa Dagoretti, si mbali na Kawangware. Tulimkuta ametoka arubaini, mtoto ana afya, lakini mama mtu hana raha. Mimi nilidhani ni uchovu wa kukesha. Usiku alimfungulia moyo mkaza mjomba wake, naye, kwa idhini ya binti mwenyewe, akanieleza ili niyaandike.

Binti alikuwa na sidiria mbili, zote za mitumba. Ya kwanza ilipwaya na kupanda mgongoni, akawa anaikaza mikanda ya mabegani hadi ikamwacha na alama na maumivu ya shingo. Ya pili ilikuwa na waya, nayo ilimbana. Baada ya siku chache pakafanya donge kwenye ziwa moja, likauma, na homa ikampanda. Jirani akamwambia kwamba sidiria huleta saratani. Siku tatu hakupata usingizi, akimtazama mtoto wake na kulia kimyakimya. Muuguzi wa zahanati alimwambia ni mfereji wa maziwa uliobanwa ukaziba. Aivue sidiria ile na aendelee kunyonyesha. Donge likaisha. Hofu haikuisha.

Hofu hiyo nataka kuiondoa kabla ya mengine. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, baadhi yao wenye saratani ya matiti na baadhi wasio nayo. Waliwauliza walivaa sidiria za namna gani, kwa saa ngapi, na tangu umri gani, na hawakuona uhusiano wowote baina ya kuvaa sidiria na maradhi hayo. Donge lisiloondoka ni la kupelekwa hospitali, hilo halina mjadala. Lakini lisitangulizwe na uzushi wa jirani.

Sasa tazama alivyozinunua. Kwenye soko la mitumba hakuna chumba cha kujaribia. Muuzaji, naye mara nyingi ni mwanamume, humtazama mwanamke aliyevaa baibui, akakisia, akamtupia moja, na mwanamke kwa haya hulipa upesi na kuondoka. Mama yangu, Mungu amrehemu, akishona kanchiri zake mwenyewe kwa cherehani ya mkono, na hapana mtu aliyemkisia kifua. Tanzania, kupitia Shirika lake la Viwango, TBS, imezikataza nguo za ndani za mitumba. Kwetu zinauzwa waziwazi, Gikomba, Toi, na hata Kongowea. Simlaumu anunuaye, kwani kila mtu anajua hali ya mfuko wake. Nasema tu aende sokoni akiijua namba yake.

Mke wangu alitoa utepe wa fundi cherehani mkobani, na aliyoyafanya na binti yule naandika kama alivyonisimulia. Mwanamke hujipima chumbani mara mbili. Kwanza hupima chini ya maziwa, utepe ukiwa umenyooka mgongoni na kukazwa kiasi. Kisha hupima mahali kifua kilipojaa zaidi, bila kukaza. Tuseme cha kwanza ni sentimita 75 na cha pili ni 94. Ile 75 ndiyo namba ya mkanda kwa vipimo vya Ujerumani na nchi kadhaa za Ulaya. Tofauti ya vipimo viwili ni 19, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa herufi ya kikombe: 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Basi huyo ni 75D. Lakini sidiria ya kipimo hicho hicho ikitoka Ufaransa huandikwa 90D, na ikitoka Uingereza huandikwa 34D, na zote humwagwa kwenye rundo moja! Ni ajabu gani mtu akipotea?

Kuna na fitina nyingine. Herufi haisimami peke yake. Kikombe cha 34D kina ukubwa sawa na cha 36C na cha 38B, hivyo jicho la muuzaji laweza kupata kikombe likakosa mkanda. Na mkanda wa chini ndio ubebao uzito mwingi, si ile ya mabegani. Ukae sawa mgongoni usipande, na sidiria mpya ifungwe kulabu ya mwisho kabisa kwa nje, ili ikilegea pawepo pa kukazia. Waya ulale juu ya mbavu, usikanyage ziwa. Na anyonyeshaye ni bora avae isiyo na waya kabisa. Vipimo hurudiwa, kwa kuwa kifua cha mwanamke hubadilika kwa mimba, kwa kunyonyesha na kwa kuachisha.

Asubuhi nilikaa na mkwe wetu. Ni kijana mwema, hufanya kazi gereji. Nilipomgusia, alisema kwa adabu, "Mjomba, nguo ya ndani nani anaiona?" Nikamwambia kwamba fiqhi ya Shafi tuliyosomeshwa chuoni inaihesabu kiswa, yaani mavazi, katika nafaka ya mke pamoja na chakula na makazi, na kwamba aya ya 233 ya Suratul Baqara, inapozungumza juu ya mama anyonyeshaye, imemtwika baba wa mtoto chakula chake na mavazi yake. Haikutenga la nje na la ndani. Baibui humsitiri mwanamke, halimbebei kifua. Kijana akainamisha kichwa, kisha akaniuliza bei. Alasiri alibaki na mtoto, na wanawake wawili wakatoka na namba yao kwenye kijikaratasi.

Katika safari ya kurudi mke wangu alinyamaza mpaka treni ilipopita Mtito Andei. Hapo akanigeukia. "Bwana, khutba uliyompa mkweo nimeisikia. Miaka thelathini tumeoana, mimi umepata kuniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Tulipofika Mombasa nilimpa fedha. Hakunionyesha alichonunua, wala sikuuliza, ila alinirudishia chenji ya shilingi hamsini.